Baba mkwe hataki kuondoka moto unapokaribia, nami nina watoto: nifanye nini?

Mpendwa Mshauri,

Ninaandika barua hii usiku wa manane, wenzangu wote wakiwa wamelala, kwa sababu mchana sipati nafasi ya kuliwaza jambo hili bila kulia mbele ya watoto. Mimi ni mama wa watoto watatu. Tunaishi na baba mkwe wangu katika nyumba aliyoijenga mwenyewe juu ya kilima, msitu ukiwa chini yetu bondeni, na barabara ya kuingia na kutoka ni moja tu.

Mwaka jana, ukame ukiwa umeshika, moto ulizuka bondeni na tukatangaziwa kuondoka. Mume wangu alikuwa kazini, mbali. Nilikuwa nimeshawapakia watoto garini, lakini baba alikataa katakata. Alisema ameona mioto mingi maishani mwake, kwamba moto wa bondeni hauwezi kupanda mpaka kwetu, na kwamba mtu mzima haikimbii nyumba yake kwa sababu ya moshi. Nilimsihi kwa muda unaokaribia saa nzima. Nilimpigia magoti. Alikubali pale tu mti mkavu ulio nyuma ya zizi uliposhika moto kwa kinga cha moto kilichorushwa na upepo, na kufikia hapo barabara ilikuwa imejaa moshi mzito kiasi kwamba nilichokiona mbele yangu ni taa nyekundu za gari la jirani peke yake, huku nyasi zikiwaka kulia na kushoto. Binti yangu mkubwa alikuwa akihesabu kwa sauti kutoka moja hadi mia, kisha akaanza tena. Sikumuuliza sababu. Nadhani ndivyo alivyojizuia asipige mayowe.

Tulipona, na nyumba ikapona pia. Lililoteketea ni zizi, na mbuzi wawili kati ya wanne wa baba walifia humo. Tulikaa siku 11 katika ukumbi uliotengwa kwa ajili ya waliohamishwa. Baba hakulala kitandani hata usiku mmoja. Alikesha kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, viatu miguuni na kofia mapajani, mpaka kunapambazuka. Tangu turudi nyumbani hajazitaja siku zile.

Sasa ukame umerudi. Wiki mbili zilizopita moto ulizuka upande wa pili wa bonde, na ingawa hatujaambiwa tuondoke, moshi unatuingilia nyumbani kila siku. Mtoto wangu wa mwisho ana pumu, na usiku hukohoa mpaka akatapika. Nawafunga watoto puani vitambaa vilivyoloweshwa maji kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo, lakini sioni nafuu. Juzi baba alitamka mezani, mbele ya wote, kwamba safari hii hatoki, na anayetaka kwenda aende. Mume wangu akiwa nami husema nina haki. Akiwa mbele ya baba yake hafungui kinywa. Mwanangu wa kati, mwenye miaka saba, nimemkuta analala na viatu vyake ndani ya blanketi, amevikumbatia. Nami nikisikia harufu ya moshi, hata wa jikoni, moyo hunienda mbio na mikono hunitetemeka. Linalonitia aibu zaidi ni kwamba nimeanza kumchukia mzee huyu, ambaye tangu siku ya kwanza amenipokea kama mwanawe wa kumzaa.

Je, amri ikitoka, nina haki ya kuondoka na watoto nikamwacha? Nitaishije na jambo hilo akifa? Na moshi huu unaweza kuwadhuru watoto hata kama moto wenyewe haujafika? Naomba unijibu waziwazi.

Ni mimi,
Mama wa Watatu


Mpendwa Mama wa Watatu,

Umeniomba uwazi, kwa hiyo nitaanza na swali lililo zito kuliko yote. Ndiyo, amri ikitoka utaondoka na watoto, na utaondoka mapema, baba awe amekubali au amekataa. Watoto hawana uwezo wa kujichagulia. Mzee wako anao. Akibaki, utawaarifu wazimamoto kwamba kuna mzee ndani ya nyumba, utawaeleza ilipo, hali ya afya yake ilivyo na namba ya simu yake, kisha utakanyaga mafuta bila kugeuka nyuma. Huko si kumtupa. Kumpigia magoti kwa saa nzima watoto wakiwa garini ndiko kulikokaribia kuwaangamiza nyote, na sitaki ulirudie kosa hilo kwa sababu ya upendo.

Nimelisema hilo kwanza ili ulishike, lakini siamini kwamba lazima mfike huko, maana barua yako inaeleza mengi kuhusu mzee huyu kuliko unavyodhani.

Tuanze na jambo ambalo baba amelikosea, kwa sababu linaweza kuwaua. Moto wa bondeni hupanda, na hupanda mbio. Ndimi zake zikiegemea mwinuko huyakausha na kuyachemsha majani yaliyo juu yake kabla hayajaguswa, kwa hiyo yakiguswa huripuka mara moja. Wazimamoto hukadiria kwamba kwa kila digrii 10 za mwinuko, mwendo wa moto unaopanda huongezeka maradufu. Nyumba iliyo juu ya kilima, msitu ukiwa chini yake, iko mahali pabaya kuliko iliyo kwenye tambarare. Zaidi ya hayo, nyumba nyingi hazichomwi na ukuta wa moto unaoonekana kwa macho. Huchomwa na vinga na cheche zinazopeperushwa na upepo, wakati mwingine kwa kilomita kadhaa, zikatua kwenye majani makavu yaliyojaa katika mifereji ya paa au zikapenya kwenye matundu ya hewa chini ya paa. Ule mti wenu wa nyuma ya zizi haukushikwa na moto wa bondeni. Uliwashwa na kinga kilichotangulia. Baba alikiona kwa macho yake, na ndiyo maana nasema anajua zaidi ya anavyokiri.

Hoja yake kwamba ameona mioto mingi nimeisikia kwa watu wengi waliozeeka mahali pamoja, nami naiheshimu, ila haitoshi tena. Tarehe 7 Februari 2009, siku ambayo Waaustralia huiita Jumamosi Nyeusi, watu 173 walikufa katika jimbo la Victoria, na zaidi ya mia moja kati yao walifia ndani ya nyumba. Hawa walikuwa watu wa nchi iliyozoea moto, na kwa miaka mingi walikuwa wameelezwa kwamba mtu aliyejiandaa anaweza kubaki akaitetea nyumba yake. Baada ya siku ile maelekezo yalibadilishwa, na kwa siku za hatari kubwa kabisa watu huambiwa kwamba usalama ni kuondoka kabla moto haujawaka karibu nao. Katika mji wa Paradise, California, moto ulianza asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2018, na kabla ya adhuhuri mji ulikuwa unateketea. Watu 85 walipoteza maisha, wengi wao wazee, na baadhi walikutwa ndani ya magari yao. Lakini jueni pia habari ya Fort McMurray nchini Kanada. Mnamo Mei 2016 watu wapatao 88,000 waliondoka mjini humo, wengi wao kwa barabara kuu moja yenye moto kandokando, na hakuna aliyeuawa na moto wenyewe, ingawa wawili walikufa katika ajali ya gari njiani. Nyumba na majengo yapatayo 2,400 yaliteketea, na watu waliishi kwingine takriban mwezi mzima kabla ya kuanza kuruhusiwa kurudi. Walipoteza mali nyingi, na wakabaki hai kuililia.

Sasa nikurudishe kwenye kile kiti cha plastiki. Umeniandikia kwamba baba alikesha siku 11 karibu na mlango, viatu miguuni na kofia mapajani. Isome tena sentensi yako mwenyewe, dada yangu. Huyo si mtu asiyeogopa. Ni mtu aliyekaa tayari kurudi kwake wakati wowote, aliyeona haya kulala mbele ya watu asiowajua, na ambaye wanyama wake wawili walikufa ndani ya zizi alilolifunga kwa mkono wake. Anaposema hatoki, sidhani kama anaukataa usalama. Anaukataa ule ukumbi, na anaukataa uchungu wa kuwaacha mbuzi kwa mara ya pili. Ukiendelea kumjibu kwa habari za moto, mtakuwa mnazungumza mambo mawili tofauti.

Kwa hiyo mtafutieni jibu la yale anayoyaogopa, na mlitafute wiki hii, kabla hewa haijabadilika. Tafuteni nyumba ya ndugu au rafiki iliyo mbali na msitu, yenye chumba ambacho mzee anaweza kuufunga mlango akavua kofia yake kwa heshima. Pangeni mbuzi waliobaki wataenda kwa nani na watasafirishwa na nani, na waondoke siku utabiri unapotaja joto kali na upepo mkali, wala isingojewe siku ya amri. Mifugo haipandi gari kwa haraka huku kuna moshi, na kila anayejaribu kuipakia dakika za mwisho huhatarisha watu kwa ajili yake.

Anayepaswa kumweleza baba haya ni mwanawe. Naomba umpe mume wako aya hii aisome peke yake. Ndugu yangu, najua ni vigumu kumpinga mzazi katika nyumba aliyoijenga, na najua unadhani kwa kunyamaza unalinda amani. Lakini kimya chako kimemfanya mkeo abebe peke yake mzigo ulio wako, na baba yako anakihesabu kuwa kibali. Mwendee akiwa ametulia, mkiwa wawili, wala usimwambie kwamba amezeeka au kwamba ni mkaidi. Unaweza kumwambia maneno kama haya: “Baba, mwaka jana sikuwepo, na mke wangu na wanangu walipita katikati ya moto. Sikuambii uiache nyumba yako. Nakuomba unisaidie kuwatoa watoto kabla barabara haijafungwa, kwa sababu safari hii pia huenda nisiwepo. Mbuzi wataondoka kabla yetu, na mahali pa kulala pamepatikana. Tupange sasa, mimi na wewe, ni dalili gani ikionekana sote tutatoka.” Kisha nyamaza umsikilize, hata akikasirika. Akikataa leo, rudi kesho.

Hizo dalili ndizo kiini cha mpango wenu. Familia nyingi hungoja amri, kisha amri ikitoka ndipo zinapoanza kujadiliana, nao moto hausubiri kikao. Ninyi wenye barabara moja hamwezi kungoja amri. Kubalianeni mapema, muandike kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, kwamba mtaondoka utabiri ukitangaza siku ya upepo na ukavu wa hatari, au tahadhari ya kujiandaa ikitolewa kwa eneo lenu hata kabla ya ile ya kuondoka, au moshi ukionekana ukipanda kutoka upande wenu wa bonde. Mume wako akiwa safarini, dalili moja ndogo itoshe. Na baba ndiye awe mlinzi wa karatasi hiyo. Anaujua upepo wa kilima kile kuliko yeyote kati yenu. Mtu aliyepewa kazi ya kusema “sasa tutoke” huona vigumu kuwa yeye yule anayesema “sitoki”.

Maandalizi mengine huenda unayajua, kwa hiyo nitayapitia upesi. Tangu ukame unapoanza, gari lisishuke chini ya nusu tangi, na liegeshwe likiangalia nje. Nyaraka, dawa za wiki mbili, miwani, chaja, maji, barakoa na nguo za pamba ziwe katika mifuko iliyofungwa tayari. Nguo za nailoni ziacheni, kwa kuwa huyeyuka na kugandamana na ngozi. Mnapotoka, fungeni madirisha na milango yote na mzime gesi. Zoleni majani makavu kwenye mifereji ya paa, na msiache kuni, mikeka wala kitu chochote kinachoshika moto katika mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani. Usafi huo huwapa wazimamoto nafasi ya kuiokoa nyumba nanyi mkiwa mbali, na kazi hiyo baba anaweza kuisimamia kwa moyo wote.

Ikitokea, Mungu apishe mbali, barabara imezibwa na moto mkiwa ndani ya gari, msitoke kukimbia, hasa kuelekea juu. Egesheni mahali patupu, mbali na majani, washeni taa, fungeni madirisha na matundu ya hewa, kisha laleni chini kabisa ya usawa wa vioo, mmejifunika mablanketi ya sufu, mpaka ukuta wa moto upite. Joto linalotoka kwenye moto kama mionzi huua kabla ndimi hazijamgusa mtu, na bati la gari na sufu huwakinga kwa dakika zile chache zinazohesabika. Wekeni mablanketi hayo garini leo.

Sasa moshi, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndio unaomdhuru mwanao usiku huu.

Kitambaa kilicholoweshwa maji hakimsaidii. Umekifunga kwa mapenzi, na mama yako alikufundisha kwa nia njema, lakini kinachoumiza mapafu ni chembechembe zenye upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo, ndogo kuliko unene wa unywele kwa zaidi ya mara 20, ambazo hupita kwenye nyuzi za kitambaa kama maji yapitavyo kwenye chekeche. Hushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na baadhi huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linapendekeza kwamba wastani wa chembechembe hizo kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na moto wa msituni huweza kukipita kiwango hicho mara nyingi, hata mamia ya kilomita kutoka unakowaka. Juni 2023 anga la New York liligeuka rangi ya chungwa kwa moshi uliotoka Kanada. Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu hivi: ndiyo, moshi unaweza kuwadhuru watoto ingawa hawajauona moto kabisa. Watoto huvuta hewa nyingi kuliko watu wazima wakilinganishwa kwa uzito, na mapafu yao bado yanakua. Wenye pumu, wajawazito, wenye maradhi ya moyo na wazee wako katika hatari hiyo hiyo, na baba mkwe wako yumo.

Barakoa inayofaa ni ya aina ya N95 au FFP2, yenye kamba mbili au inayobana vizuri, isiyoacha mwanya puani wala mashavuni. Ile nyepesi ya hospitalini huzuia kidogo tu. Lakini barakoa hizo hutengenezwa kwa nyuso za watu wazima, na mtoto mdogo haimkai sawasawa. Ngao yake ni chumba. Chagueni chumba kimoja chenye madirisha machache, mzibe nyufa kwa taulo na utepe, na watoto walale humo wote. Mkiweza kupata kifaa cha kusafisha hewa chenye kichujio cha HEPA, kiwekeni humo kifanye kazi usiku na mchana. Msipoweza, kichujio kizuri cha kiyoyozi kilichofungwa nyuma ya feni ya mraba, bila mwanya, hupunguza chembechembe kwa kiasi kikubwa. Tumieni feni mpya iliyo salama, na msiiache ikizunguka bila mtu macho. Ndani ya nyumba msikaange, msiwashe mshumaa wala ubani, msivute sigara, na kamwe msiingize jiko la mkaa wala jenereta, hata umeme ukikatika, maana hewa ya sumu inayotoka humo haina rangi wala harufu na huua watu usingizini. Moshi ukipungua kwa saa chache, fungueni madirisha yote. Na chumba kikiwa na joto la kumlevya mtoto, msimfungie humo. Joto nalo huua.

Kuhusu kikohozi chake, mpelekeni kwa daktari wiki hii bila kungoja nafuu. Mtoto anayekohoa usiku mpaka akatapika pumu yake haijadhibitiwa, na pengine anahitaji dawa ya kuzuia inayotumika kila siku, mbali na ile ya kuvuta anapobanwa. Mwombe daktari akuandikie hatua za kufuata pumu ikizidi. Ukiona ngozi inazama kati ya mbavu anapovuta pumzi, au hawezi kumaliza sentensi, au midomo inageuka rangi ya samawati au kijivu, hiyo ni dharura na asisubirishwe hata dakika moja.

Na hapa ndipo ninapokuja kwenye ushauri ninaouamini kuliko mwingine wote katika barua hii. Umeandika kana kwamba njia ni mbili, kungoja amri au kubaki. Moshi peke yake ni sababu tosha ya kuondoka. Mwanao anaugua sasa, barabara iko wazi sasa, na hakuna anayewafukuza. Mpelekeni kwa ndugu aliye mbali na moshi kwa siku kadhaa, na mumwombe babu yake amsindikize. Msimfanyie hila, mwelezeni kwa ukweli kwamba mtoto hapumui vizuri, kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiuvuta moshi huo kwa wiki mbili, na kwamba mjukuu atatulia akimwona babu yake. Mzee anayeona aibu kukimbia moto anaweza kabisa kukubali kumpeleka mjukuu mahali penye hewa. Akishalala huko siku tatu na kuona kwamba nyumba ipo bado aliporudi, ile siku ya amri haitakuwa tena mara yake ya kwanza kutoka baada ya ukumbi ule.

Siku mtakaporudi baada ya moto kupita karibu, majivu yasifagiliwe makavu wala kupeperushwa. Yaloweshwe kwanza, na anayeyazoa avae barakoa na glavu, watoto wakiwa mbali. Maji ya bomba msiyanywe mpaka wahusika waseme ni salama. Baada ya mioto ya Santa Rosa mwaka 2017 na Paradise mwaka 2018 mabomba yalikutwa na benzini, kemikali yenye sumu, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Limebaki suala lako wewe. Wazee wetu walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwili wako unafanya hivyo hasa: ulipita katikati ya moto ukiwa umeshika usukani na roho za watu wanne, kisha hukupata hata siku moja ya kutetemeka. Mapigo ya moyo na mikono inayotikisika si udhaifu wala wazimu. Lakini mwaka mzima ni muda mrefu. Hali kama hiyo ikidumu zaidi ya mwezi, ikikunyima usingizi na kukufanya uiogope harufu ya jiko lako mwenyewe, inahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na ipo tiba ya mazungumzo inayosaidia sana. Nenda, na ukienda mweleze pia habari za binti yako anayehesabu na za mwanao wa viatu. Chuki unayoiogopa sidhani kama ni chuki. Ni hasira ya mtu aliyeachwa peke yake na uamuzi wa watu wote, nayo itapungua siku mumeo atakapofungua kinywa. Ikibidi umwambie baba neno moja, mwambie kwamba uliogopa kumpoteza. Huenda hajui.

Usimkemee mwanao kuhusu vile viatu, wala usivitoe kimyakimya akiwa amelala. Katika nyumba yenu wako wawili waliolala na viatu, babu na mjukuu, na mmoja anaweza kumfaa mwenzake. Mfanye zoezi la kutoka jioni moja ya utulivu, giza likiwa bado halijaingia kabisa, kila mtu na kazi yake, mpaka garini na kurudi. Kisha viatu vyote vya nyumba, jozi sita, vipangwe mlangoni kwa mstari chini ya ile karatasi, na mtoto awe ndiye anayevihesabu kila usiku kabla ya kulala. Baba akiuliza ni vya nini, mwacheni mtoto amjibu.

Wako,
Mshauri